Nakarabati jiko, naombeni ushauri wa rangi isiyopitwa na wakati

Mleta mada:
Habari zenu wakuu. Jiko letu limechoka, makabati ni ya MDF (zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi) na lile la chini ya sinki limevimba kwa maji mpaka mlango haufungi, tumeamua kung'oa yote tuanze upya. Hela tumeidunduliza miaka minne na najua kazi hii sitairudia leo wala kesho, ndo maana naogopa sana kukosea rangi. Mi nataka makabati ya juu meupe na ya chini bluu iliyokolea, mume wangu anataka kijivu kila mahali, ukuta kijivu, makabati kijivu, kaunta kijivu, anasema ndo inayotamba sasa hivi. Hiyo "inayotamba" ndo inanitisha, maana dada yangu aliweka jiko zima zambarau ya kung'aa, mwaka wa kwanza kila mgeni anasifia, leo mwenyewe hataki hata kuliangalia. Sakafu haing'oki, ni vigae vya krimu vyenye mabaka ya kahawia. Dirisha ni moja dogo, jua linaingia asubuhi tu. Nifanyeje?

seremala_mkongwe:
Dada, wazo lako ni zuri. Juu peupe jiko linapumua, chini rangi nzito inaficha mikwaruzo na alama za viatu. Mlango chukua ule wa fremu yenye ubao bapa katikati, mtindo wa Shaker, wale watu wa dini kule Marekani walishaanza kutengeneza samani za namna hiyo karne ya 18, hauna nakshi hata moja na mpaka leo wateja wanauagiza. Kingine usikubali fundi akupakie rangi nyeupe ya mafuta, inageuka njano hasa pasipofika mwanga. Niliwahi kubandua kalenda kwenye mlango wa kabati la mteja, pale nyuma yake pamekuwa njano kama siagi, na pembeni peupe, mstari umenyooka kabisa. Tafuta rangi ngumu ya maji ya kupaka mbao. Na chini ya sinki weka plaiwudi inayohimili maji, kingo zote zizibwe.

mama_wa_watatu:
Nyeupe ipi sasa? Hapo ndo watu wengi wanaumia. Nyeupe ziko nyingi, kuna inayovuta bluu, kuna inayovuta njano, na wewe una sakafu ya krimu ambayo haiondoki kwa hiyo sakafu ndo inaamua. Ukiweka nyeupe ya bluu juu ya vigae vile, vitaonekana vichafu hata kama umetoka kudeki. Usichague kwenye kile kikaratasi cha dukani jamani, paka ubao wa kama sentimita 50 kwa 50, uusimamishe pale pale kabati litakapokaa, uangalie asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Balbu nazo ziangalie, zenye 2700 mpaka 3000 Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga, kimeandikwa kwenye boksi) zinatoa mwanga wa kuvuta njano, zile za 6500 zitafanya jiko lionekane kama wodi. Zote ziwe za aina moja.

Mpole:
Mume nae asikilizwe, kijivu hakina kosa, kosa ni kukijaza kila kona. Mpeni kaunta. Graniti ya kijivu chenye ukahawia kidogo itashikana na yale mabaka ya sakafuni. Msiende kwenye jiwe la marumaru kama mnatumia jiko kweli kweli, tone la ndimu likikaa pale linakula mng'ao na alama haifutiki kwa sabuni.

Mleta mada:
Na ukuta wa nyuma ya kaunta je? Hapo ndo sijui kabisa

fundi_vigae:
Vigae vyeupe vya mstatili, sentimita 7.5 kwa 15. Ndo vile walivyobandika kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi New York zilipofunguliwa 1904 na bado havijamchosha mtu. Ila grauti, ile ya kuziba kati ya vigae, usiweke nyeupe, nyuma ya jiko la kupikia mafuta yanaruka na utasugua mpaka ukome, weka kijivu cha mwanga, hapo hata mzee atafurahi.

mama_wa_watatu:
Naongezea kuhusu bluu, usiogope kabisa. Lile jiko maarufu la Frankfurt, Ujerumani, la 1926, alilobuni msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky, makabati yake yalipakwa bluu yenye ukijani, iliaminika nzi hawaipendi. Miaka 100 hiyo.

Mleta mada:
Nimerudi wakuu. Nimepaka mbao mbili za nyeupe, nimeziegemeza kwenye kabati la sinki tangu juzi. Ya kwanza dukani niliipenda mno, jana usiku nimewasha taa sakafu ikaonekana kama haijadekiwa wiki nzima, na mume wangu ndo alianza kusema kabla sijafungua mdomo. Ya pili inavuta njano kidogo sana, ukiiona peke yake ni nyeupe tu, ikikaa karibu na kigae vinaelewana. Kijivu tumekubaliana kibaki kwenye kaunta na grauti. Kesho napaka ubao wa bluu, naanza kuuangalia saa kumi na mbili jioni, jiko likiwa na giza kabisa.