Mrejesho: Ndege wa Texel bila gari

Wakuu, niliwauliza kuhusu safari fupi ya kutazama ndege Uholanzi nikitokea Köln, bila gari, mkanielekeza kisiwa cha Texel. Asanteni sana! Treni hadi Den Helder, kivuko dakika 20 hivi, kisha nikakodi baiskeli. Upande wa mashariki, kando ya tuta la bahari, mabata bukini weusi walikuwa wakila majani kwa pupa. Mwezi Mei huondoka kwenda Siberia kuzaliana. Ila De Slufter, kinamasi cha maji ya chumvi hapo hapo kisiwani, ndiyo iliyoniteka: domomwiko weupe wakifagia maji kushoto kulia, mdomo wazi kidogo, kisamaki kikigusa tu, unafumba. Atakayekwenda abebe koti zito, maana upepo wa pale unatikisa hata darubini mkononi.