Mrejesho: kihamba chetu na nyumba za kupangisha, Moshi Vijijini

Nawashukuru kwa ushauri wenu nilipouliza kama tumruhusu mdogo wangu ajenge nyumba za kupangisha katika kihamba (shamba la ukoo la Wachagga, lenye migomba na kahawa) tulichoachiwa na marehemu baba.

Kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, suala la viwanja vya makazi lilifikishwa huko, na vijana walilalamika, kwa haki kabisa, kwamba hawana pa kujenga. Bibi mmoja alisimama akiwa ameshika mche wa kahawa uliong'olewa kwenye msingi mpya, mizizi ikiwa bado na udongo.

Sisi tumekubaliana ajenge kando ya barabara, mbali na mfereji na migomba.