Mrejesho: Niliuliza jinsi ya kuwa trada wa mafuta, nimefikia hapa

Wakuu, salaam. Mwaka jana, nikiwa mhasibu wa ghala la mafuta Kigamboni, niliuliza mtu kama mimi anaingiaje kwenye biashara ya kununua na kuuza nishati, yaani kuwa trada. Mlinijibu kwa moyo, asanteni sana.

Nilimfuata mkuu aliyesema nisikimbilie kiti cha trada, nianzie opereshini. Nimepata kazi kwenye kampuni inayoagiza mafuta, hapa hapa Dar. Nashughulika na ratiba za meli, nyaraka za shehena, vipimo vya matangi, na demareji, yaani tozo ya kuchelewesha meli, ikikaa foleni nje ya bandari. Hiyo demareji ndiyo inayoninyima usingizi!

Kilichonibeba kwenye usaili ni zabuni za PBPA, wakala wa serikali anayesimamia uagizaji wa mafuta kwa pamoja. Waliniuliza: kama bei ya mafuta yenyewe inafuata nukuu za Platts (kampuni inayochapisha bei za mafuta duniani) za Ghuba ya Uarabuni, wazabuni wanashindania nini? Nikajibu premiamu, ile nyongeza yenye nauli ya meli, bima na faida yao. Nikawaonyesha na jedwali langu la Excel la bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila mwezi. Hapo wakaanza kunisikiliza.

Kuandikia kampuni za biashara ya mafuta za Geneva na Dubai hakukuzaa kitu. Karibu wote kimya. CFA, ile mitihani ya kimataifa ya wachambuzi wa fedha na uwekezaji, nimeiweka kando, ada yake na mshahara wangu haviendani.

Trada bado sijawa, ila bosi ananiruhusu kukaa naye anapopanga bei ya zabuni. Anayetaka lile jedwali aseme, nitaliweka.