Tupeane uzoefu: Historia ya ndege Tanga imo kwenye masanduku ya wazee wetu

Wakuu, heshima kwenu. Tuko wachache hapa Tanga tunaojitolea kukusanya kumbukumbu za usafiri wa anga wa mkoa wetu. Ofisi hatuna; tuna skana moja na simu za kurekodia sauti. Ndege za abiria zimeujua mji huu tangu miaka ya 1930, Wilson Airways ya Nairobi ilipokuwa ikipita pwani: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Vita vya 1939 vikaimaliza. Mwaka 1946 ikaanza East African Airways na vindege vya Dragon Rapide, mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa. Hayo yameshaandikwa. Yasiyoandikwa ni ya watu: nani alipakia mizigo, nani alifyeka majani kiwanjani, nani alipanda na mgonjwa wake. Mwenye lolote la baba, bibi au jirani atuambie, na aseme alilipataje.

Mjukuu wa Chumbageni: Babu alikuwa mpakia mizigo ya ndege enzi za ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Makaratasi yake yamesalimika kwa sababu ya mafao. Jumuiya ilipovunjika 1977, wastaafu walitakiwa kuthibitisha utumishi wao, basi mzee hakutupa hata kibali cha likizo. Humo tumekuta kitambulisho, barua za uhamisho wa kwenda Mombasa na kurudi, na picha ya wenzake wakiwa wamesimama chini ya bawa. Kama mzee wenu alifanya kazi Jumuiya, anzeni na faili la mafao, albamu baadaye. Anasimulia kwamba ndege ya Dakota ikiwa chini ilikaa kwa mkia, kwa hiyo abiria akiingia anapanda mlima mpaka viti vya mbele. Akina mama wa mabuibui aliwashika mkono yeye. Mpaka leo anaiita eropleni.

Mwana Ngamiani: Mimi nilimhoji bibi. Nikimuuliza mwaka, ananyamaza. Nikamuuliza, "Siku ile ulikuwa na mtoto gani mgongoni?" Papo hapo akajibu: mjomba wangu wa pili, hajaanza kutambaa. Cheti cha kuzaliwa cha mjomba kikatupa mwaka. Alikuwa anakwenda harusini Unguja kwa Fokker, ile yenye mabawa juu na madirisha makubwa, na Pemba aliiona yote upande wa kushoto.

Wa Muheza: Huku msisahau viwanja vya mashamba ya mkonge. Baba alikuwa mkataji, na kazi yao nyingine ilikuwa kufukuza mbuzi kindege cha meneja kikisikika. Leo pamelimwa mahindi. Tulipita na wazee wawili, wakatuonyesha mwanzo na mwisho, tukaweka alama kwenye ramani ya simu. Wakiondoka hao, shamba halitasema kitu.

Jirani wa Raskazone: Nina picha ya ndege ndogo, ubavuni imeandikwa VR-T, herufi nyingine zimefutika. Imegandamana na nailoni ya albamu. Ila naogopa kuitoa nyumbani. Kuna mtu aliwahi kuchukua picha za marehemu baba kwa utafiti, hazikurudi.

Mwenye uzi: Dada, pole sana, na usimpe mtu tena. Sisi tunakuja na skana sebuleni kwako, asilia inabaki kabatini mwako. Tafadhali usiibandue! Unyevu wa pwani umeshaishikisha, ukivuta inachanika sura za watu. Tutaiskani na ukurasa wake. Nyuma ya picha nyingine andika majina kwa penseli laini, kalamu ya wino hupenya. Hizo herufi ni dhahabu: VR-T ni usajili wa Tanganyika ya mkoloni, VP-K ni wa Kenya ya mkoloni, na 5H ni wa kwetu baada ya uhuru. Kwa hiyo yako ni ya zamani kweli. Mkiona twiga mkiani, hiyo ni Air Tanzania, yaani 1977 au baadaye.

Mjukuu wa Chumbageni: Nimemsomea babu uzi huu wote. Amekubali kurekodiwa Jumamosi asubuhi, baada ya chai. Anaomba dada wa Raskazone aje na albamu yake, maana anataka kuona kama wapo wenzake aliokuwa akipakia nao.