Naombeni ushauri: mdakaji wa besiboli wa miaka 14

Wakuu habarini. Nafundisha besiboli watoto wa shule hapa Mbeya. Kuna kijana anadaka nyuma ya mpigaji, na ana kipaji kweli: mpira ukidunda mbele yake anashusha magoti yote mawili, anauzuia kwa kifua, haupiti. Shida ni kurusha mpira kutoka pale alipo hadi besi ya pili, yaani kituo cha wakimbiaji kilicho upande wa pili wa uwanja. Uwanja wa wakubwa umbali huo ni karibu mita 39, na wadakaji wa ligi kuu Marekani hutumia takriban sekunde 2 tangu mpira uingie kwenye glavu hadi ufike. Huyu mkono anao, miguu ndiyo inachelewa kunyanyuka. Nimpime kwa umbali huohuo au nimpunguzie kwanza? Na kuchuchumaa kote huko, magoti yake nayalindaje? Wenye uzoefu nisaidieni.