Naomba ushauri: tupige marufuku kadi zipi?

Wadau, hamjambo. Kikundi chetu hapa Kisumu hucheza Magic, ule mchezo wa kadi za kichawi, kwa mtindo wa Commander: kila mtu na kadi zake 100, uhai 40. Sasa tunataka kukubaliana kadi za kukataza na tumekwama.

Orodha rasmi tunaifuata. Mana Crypt, Jeweled Lotus na Dockside Extortionist zilipigwa marufuku Septemba 2024, na hapo hakuna ubishi. Shida ni Sol Ring, ambayo bado inaruhusiwa. Unalipa mana 1 (mana ni nguvu ya kulipia kadi), halafu kila zamu inakupa 2. Anayeishika zamu ya kwanza ameshatuacha mbali. Mimi ningeiondoa leo hii. Wenzangu wanasema imo kwenye deki (seti za kadi) nyingi zinazouzwa zikiwa zimepangwa tayari, kwa hiyo tukiikataza tutamuumiza anayeanza. Hoja yao ina uzito, sikatai.

Halafu kuna Rhystic Study. Ukicheza uchawi wowote, yaani karibu kadi yoyote, mwenye Rhystic Study anakuuliza, "Unalipa moja?" Usipolipa, anavuta kadi. Uchawi unaofuata, swali lile lile. Inachosha kuliko inavyoshinda, na nimeona wachezaji wapya wakikunja kadi zao mapema kwa sababu hiyo. Lakini aliyeinunua kwa pesa zake, tena kwa kuagiza ng'ambo, tutamwambiaje aiweke kando?

Waliopitia haya, mlifanyaje? Tupige kura, au kila meza ikubaliane kabla ya kuanza? Na kama ni kura, wageni nao wahesabiwe?