Mjadala: Kiwango cha lazima cha maudhui ya Kitanzania kina faida gani kama rekodi si zetu?

Zeze la Mvumi (mleta mada):

Mbukwenyi wakuu.

Juzi jioni pale Nkuhungu, hapa Dodoma, tukisubiri mishikaki iive, ulizuka ubishi uliotutoa jasho. Rafiki yangu mwalimu alisema Serikali itunge sheria: kila huduma ya mtandaoni ya nje ya muvi na muziki inayochukua hela za Watanzania ilazimishwe kuwa na kiwango fulani cha kazi za Kitanzania, tuseme 30 katika kila 100. Meza nzima ikamuunga mkono. Mimi nikapinga, nikaonekana simpendi mama yangu. Basi nauleta ubishi hapa, ila kwanza mnisikilize nilipotokea.

Kinachonilisha ni kupiga video za harusi na sendoff. Nikipata nafasi naenda vijijini kurekodi ngoma za Kigogo kwa hela yangu. Mwaka juzi nilirekodi kikundi cha kina mama wa muheme, wilaya ya Chamwino. Mnaoijua muheme mnajua: ni ngoma za wanawake, zimebanwa kiunoni, mpigaji anaishika kati ya mapaja, na sauti za waimbaji zinapandana tabaka juu ya tabaka. Siku ile upepo wa Dodoma ulikuwa unavuma na vumbi lake, ikabidi tusubiri chini ya mbuyu mpaka utulie. Tukapata nyimbo nne safi. Video nikaiweka kwenye chaneli yangu ya YouTube, na sauti nikawapa kina mama kwenye flashi, kwa sababu ni haki yao.

Baada ya miezi kadhaa nikapata taarifa kwamba sauti iliyomo kwenye video yangu ina mwenyewe, na matangazo yote yatakayowekwa pale hela yake inaenda kwake. Mwenyewe ni kampuni ya kusambaza muziki ya nje ya nchi. Nikafunga safari kwenda kijijini. Kumbe kijana mmoja alipita na karatasi ya Kiingereza, akawapa kina mama shilingi 60,000 wagawane, wakaweka dole gumba, akaondoka na ile flashi. Kazi imepandishwa kwenye huduma za muziki bila jina la kikundi. Imeandikwa tu kwa Kiingereza kwamba ni ngoma za kijiji cha Afrika.

Nilimwekea kiongozi wao spika ya sikio moja asikilize. Alinyamaza muda mrefu. Wimbo ulipokaribia kuisha akainua kidole akasema, "Huyo anayelegeza mkono hapo mwisho ni wifi yangu. Tumemzika Machi."

Sasa chukueni ile sheria ya mwalimu wangu. Rekodi hii itahesabiwa kuwa ya Kitanzania au haitahesabiwa? Lugha ni Kigogo, ngoma ni za Chamwino, waimbaji wote wamezaliwa pale. Itahesabiwa. Kampuni itasema imetimiza kiwango, Serikali itatangaza mafanikio, na yule mama hataona hata senti. Ndiyo maana nasema kabla ya kuhesabu maudhui mangapi yamebebwa, tuulize hakimiliki iko mkononi mwa nani.

Na hili halikuanza jana. Hukwe Zawose, Mgogo wa huku kwetu, mfalme wa zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole, dunia ilimjua zaidi kupitia kampuni ya rekodi ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel, kule Uingereza. Simlaumu mtu yeyote, maana bila rekodi zile huenda leo tungebaki na hadithi tu. Lakini inaniuma kwamba kijana wa Mvumi anayetaka kumsikia mzee wake aliyefariki 2003 inabidi apitie mlango wa ng'ambo.

Pendekezo langu: usajili wa hakimiliki ufike wilayani, mtu asifunge safari mpaka mjini, mikataba ya sanaa iandikwe kwa Kiswahili na isomwe kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma, na nakala halisi ya kila rekodi ibaki hapa nchini. Hela ipo. Tangu Julai 2022 huduma za kidijitali za nje zinalipa kodi ya asilimia 2 ya mapato yanayotoka hapa. Sehemu yake irudi kwenye kazi hii. Karibuni.

Alizeti Singida:

Mkuu pole sana kwa yaliyowakuta kina mama, ila hoja yako naona inaturudisha nyuma. Usajili bila soko ni makaratasi. Sisi Singida tumeyaona kwenye alizeti. Ushuru wa mafuta ya nje ulipolegezwa, bei ya alizeti ilianguka na watu wakabaki na magunia ndani. Mkulima alikuwa na shamba lake kwa jina lake, hati anayo, na bado alilia. Kilichomwokoa ni ulinzi wa soko.

Wenzetu wenye nguvu kuliko sisi wanalinda. Ufaransa tangu sheria ya 1994 redio zinatakiwa kupiga angalau asilimia 40 ya nyimbo za Kifaransa. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulizitaka huduma za filamu za mtandaoni ziwe na asilimia 30 ya kazi za Ulaya. Hao ndio matajiri! Sisi tunaogopa nini? Kama hakuna rafu ya kuwekea kazi zetu sokoni, huyo mama wa muheme atauza wapi hata akiwa na hati ya dhahabu?

Zeze la Mvumi:

Mkuu wa alizeti, mfano wako umenigusa, lakini malizia hadithi ya Ufaransa. Baadhi ya redio zilikuwa zinatimiza kiwango kwa kurudia nyimbo zilezile chache kutwa nzima, mpaka 2016 sheria ikabidi irekebishwe kubana urudiaji huo. Kwetu itakuwa hivyohivyo. Hiyo asilimia 30 yako itajazwa na majina kumi ya Dar es Salaam ambayo tayari yana soko. Mtu wa Kongwa au Manyoni atabaki nje ya dirisha anachungulia.

Mama wa Majengo:

Habari zenu. Mimi nina duka dogo karibu na soko la Majengo, natia muvi na nyimbo kwenye flashi na simu. Muvi moja 500. Nasema wazi, sijifichi, maana bila ukweli mjadala hauna maana.

Wanangu mnabishana kuhusu huduma za kulipia kwa mwezi. Wateja wangu ni dereva bodaboda, dada wa kazi, mwanajeshi anayerudi kambini, mama anayekwenda kijijini kwao kwenye msiba. Hawana bando la kumaliza muvi moja. Wanachukua za Kituruki, za Kikorea, za Kihindi, na wanaulizia zilizotafsiriwa. Mteja akifika hasemi "nipe ya Korea", anasema "nipe ile ya fulani", anataja jina la anayetafsiri! Kwa hiyo wanachonunua ni Kiswahili. Ile sauti inayowachekesha na kuwaeleza ndiyo inayouza.

Na bongo muvi wanaziulizia, msidanganyane kwamba watu hawapendi vya kwao. Ikitoka mpya yenye stori nzuri nauza kutwa. Tatizo inanifikia kwa njia za panya, na aliyeitengeneza hapati kitu. Miaka yote hii hakuna mtayarishaji hata mmoja aliyekuja dukani kwangu akasema mama, weka kazi yangu, kila 500 nipe 300. Ningekubali siku hiyohiyo. Wanakuja wa ukaguzi tu.

Mwana wa Ng'ong'onha:

Wakuu shikamooni. Mimi ni mwanafunzi hapa chuoni, nina chaneli ya mapishi na maisha ya Dodoma. Naona wote mnaongea kama vile soko la dunia linatusubiri na pasipoti. Mtazamaji wa nje hajali wewe ni wa nchi gani, anataka kitu kimguse.

Angalieni Kili Paul. Kijana wa Kimasai, amevaa lubega, anaimbisha midomo nyimbo za Kihindi na dada yake. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India akamtaja kwenye hotuba yake ya redio. Hakuna aliyelazimishwa kumbeba. Tungekaa tunasubiri kiwango cha lazima, tungekuwa tunasubiri mpaka leo.

Halafu kuhusu kulipwa. YouTube inampa mtengenezaji asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video ndefu, lakini tangazo linalotazamwa Marekani linalipiwa bei ambayo tangazo linalotazamwa Makole haliisogelei. Kazi yangu ikitazamwa na watu elfu kumi wa hapa napata hela ya vocha. Ndiyo maana wenzangu wengi wamehamia Kiingereza. Siwalaumu. Na nyie wakubwa mkumbuke 2018, zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, chaneli ilitakiwa ilipie leseni na ada zaidi ya shilingi milioni mbili. Kaka yangu alifuta ya kwake usiku mmoja. Baadaye masharti na ada vilirekebishwa, lakini yeye hakurudi tena. Sasa anauza vifaa vya umeme. Ukitaka maudhui ya taifa, usiyaue yakiwa machanga.

Alizeti Singida:

Mdogo wangu, Kili Paul ni mmoja katika mamilioni. Taifa haliwezi kupanga kwa bahati ya mtu mmoja.

Zeze la Mvumi:

Marahaba mwanangu, na nakushukuru kwa mfano huo, kwa sababu unanipa nguvu. Namheshimu sana yule kijana, sura ni yake na mvuto ni wake. Ila wimbo ni wa nani? Video ikisambaa, mwenye wimbo wa kule India naye anaingiza chake, kwa kuwa kazi yake imesajiliwa na mfumo unaitambua ndani ya sekunde chache. Mfumo huohuo ndio ulionikamata mimi. Hauna ubaguzi: unamtambua aliyejiandikisha. Wenzetu wamejiandikisha, sisi tunaweka dole gumba.

Hili la bei ya matangazo umesema kweli na sikulifikiria vya kutosha. Kiswahili kinatajwa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200, tarehe 7 Julai tunasherehekea siku yake, lakini mtangazaji halipi kwa wingi wetu, analipa kwa mifuko yetu. Kwa hiyo kutegemea matangazo pekee ni kujichimbia shimo.

Mama wa Majengo, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Tunaongelea dunia, kumbe soko liko hapo kwenye kompyuta yako. Naomba nije dukani tuzungumze hiyo 300 kwa 500. Nina video za ngoma na mahojiano ya wakulima wa zabibu wa Hombolo, tujaribu tuone.

Jambo jingine dogo. Mei 2024, nyaya mbili za baharini zilipokatika, mnakumbuka siku zile mtandao ulivyokuwa unakokota? Nilikuwa natakiwa kumkabidhi mteja video ya harusi iliyopigwa Area D, mteja anakaa Kisasa, kilomita chache tu, na video haifunguki kwa sababu imehifadhiwa ng'ambo. Ndipo nilipoelewa maana ya nakala kubaki nchini. Si uzalendo wa mdomoni.

Na wewe mkuu wa Singida, nakusogelea hatua moja. Kiwango kiwepo, sawa, ila kihesabu mmiliki. Kazi ambayo hakimiliki yake imeshikwa na Mtanzania ihesabiwe. Ile ya "kijiji cha Afrika" isihesabiwe hata kama imejaa Kigogo mwanzo mwisho. Hapo nitasaini na wewe.

Alizeti Singida:

Hapo tunaweza kuongea. Lakini kampuni ya nje ikimweka Mtanzania mmoja mbele kama mmiliki wa jina? Hilo nalo lifungwe, maana tumeliona kwenye vitalu na viwanja.

Zeze la Mvumi:

Kweli kabisa, na ndiyo sababu nataka majina ya wapigaji wenyewe yawemo kwenye usajili, mmoja mmoja, siyo jina la kampuni peke yake.

Jumamosi narudi Chamwino. Nimeandika mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili, na mjukuu wa kiongozi ataufafanua kwa Kigogo, sentensi kwa sentensi. Tutarekodi upya nyimbo zote nne, pamoja na nyingine mbili ambazo kijana wa karatasi hakuzisikia. Kiongozi ametoa sharti moja tu: jina la wifi yake liandikwe pamoja na ya wengine, kwa kuwa mapigo ya mwisho yalitungwa naye, na binti wa marehemu aje aweke saini. Binti anajua kuandika.